Bazee Benye Hapana Majina

Kanyere alijitupa juu ya kaburi yenye hapana mutu ndani, akalia na nguvu mpaka chauffeur ya katapila akazima moteur.

"Sokulu! Baba ya baba yetu! Banataka kukufukula sawa viazi!"

Nyuma yake bamama ya quartier bakapokea kilio. Bengine balikuwa banacheka chini ya kitambaa, lakini mabega ikitikisika, chauffeur atajulia wapi?

Ile makaburi, Jéthro njo aliyajenga. Jéthro ni shemeji ya Kanyere, kazi yake maçon. Alilundika udongo, akapanga mawe, akapanda ile majani marefu ya ku makaburi, alafu akamwanga takataka ya miti juu, udongo isionekane mupya. Bafu ba haraka haraka.

Juu miti ya ile kilima njo inachunga source ya maji. Wakati ya jua, robinets ya Butembo ikianza kukohoa tu, quartier muzima inachotaka maji pale. Na sasa patron Onésime alitaka kungoa miti yote, ajenge hôtel. Panneau, kibao ya tangazo, ilikuwa tayari: Hôtel Mon Feuillage, ni kusema Majani Yangu. Balichora pale miti mingi mizuri. Ile ya ku panneau njo ingebakia.

Onésime akafika na jeep, miwani nyeusi, tumbo mbele.

"Bamama, mimi naleta développement, nyie munaleta matanga?"

"Patron, batoto yetu batakunywa nini?" Kanyere akauliza.

"Tutaleta maji mu chupa! Ya kisasa!"

"Na nguo tutafulia mu chupa?"

Bamama bakasahau kulia, bakacheka. Jéthro akakohoa. Bakakumbuka, bakalia tena.

Balimuita chef ya quartier. Yule chef aliogopaka bafu tu. Bazima, alikuwa anabakula.

"Hawa bazee ni ba nani?" akauliza.

Jéthro alikuwa amesha kubaonya: hapana kutaja jina. Ukitaja jina, benye jina batakuya kukataa.

"Ni ba zamani sana, chef," Kanyere akajibu. "Majina tulisahau."

Chef akavua kofia. "Basi, imekwisha. Kaburi, ni familia tu njo inahamishaka, na mbuzi na maombi. Mutu mwengine akigusa, tutazikana wote. Patron, mpaka familia ionekane, rudisha machine yako."

Onésime aliangalia kaburi. Aliangalia Kanyere. Akaingia mu jeep. Katapila ikashuka kilima kinyumanyuma, inalia pip-pip-pip sawa kifaranga.

Jioni, ku source, bamama balicheka mpaka mabidon ikamwangika.

"Mpaka familia ionekane!"

"Labda itateremuka na ndege ku aéroport ya Mavivi!" Jéthro akasema.

"Mwenye feza ni mujinga, lakini mwenye feza na mwoga, ule ni zawadi," Kanyere akasema, akajitwika bidon yake.

Dimanche, kisha ya misa, bakasikia chorale inapanda kilima.

Mbele, mbuzi mweupe. Nyuma ya mbuzi, patron Onésime, costume nyeusi, miwani hapana, macho mekundu sawa mutu amepakaa pilipili. Alifika ku kaburi, akaanguka magoti mu matope na ile pantalon ya bei.

"Sokulu Kambere! Familia ilikutafuta mpaka Alimbongo! Kumbe ulilala hapa, peke yako, mu pori!"

Bashangazi yake bakajigaragaza chini. Balilia muzuri kuliko bamama ya quartier. Hawa balikuwa na machozi ya kweli, sijui balinunua wapi.

Chef akavua kofia.

"Mama Kanyere, nyie njo mulibachungaka hawa bazee. Kuko mutu hapa anaweza kusema hawa si ba patron?"

Jéthro akafungua kinywa. Kanyere akamukanyaga muguu, na nguvu. Atasema nini? Eti mu kaburi hapana mutu?

 Source tu njo ilikuwa inasema, kule chini ya miti.

Onésime akasimama, akafuta magoti, akashika mukono ya Kanyere na mikono yake mbili.

"Wasingya, aksanti, mama. Mungu akubariki kwa kunichungia babu."

Alafu akageukia chauffeur ya katapila, mwenye alipanda nyuma ya chorale.

"Washa. Familia imekubali."