Kokwa Moja Haipo

Ndoo ilikuwa na kokwa thelathini na saba. Watoto wa darasa la tatu walikuwa thelathini na wanane, na siku hiyo hakuna aliyekosa shule.

Mwalimu mkuu alizihesabu tena kwa ncha ya kalamu. Utaratibu wa kurudisha kokwa aliuanzisha mwenyewe msimu uliopita wa pichi, baada ya kioo cha ofisi yake kuvunjwa kwa kokwa iliyorushwa. Tangu hapo kila mtoto alikula tunda lake mbele ya dirisha la jikoni na kuitumbukiza kokwa ndooni kabla ya kwenda kucheza.

Hii ilikuwa siku ya tatu mfululizo kupungua moja.

Matunda yalikuwa ya bure, kutoka mpango wa lishe wa shule, lakini yalikuja na sharti: kila mtoto apate sawa na mwenzake. Shule iliyovunja sharti hilo iliondolewa kwenye mpango, bila onyo la pili.

Kesho yake alisimama nyuma ya mlango wa jikoni. Mhudumu wa matunda, mwanamke mkimya aliyeajiriwa mwanzoni mwa muhula, aligawa harakaharaka bila kuinua kichwa. Pichi, pichi, pichi. Alipofika msichana mmoja mwembamba, aliyehamia shuleni hapo muhula huo, mkono uliingia kwenye kapu jingine.

"Karoti tena? Shangazi, wenzangu wananiita Sungura."

"Sungura ana meno mazuri. Shika."

"Nipe pichi hata nusu. Nilambe tu."

"Nimesema shika karoti. Unazuia foleni."

Hakumtazama usoni. Nyuma yao mtoto mmoja alisimamisha vidole viwili kichwani kama masikio, na foleni nzima ikaangua kicheko. Msichana alikwenda kutafuna karoti yake peke yake, ameuelekea ukuta.

Pichi lake lilirudishwa kwenye kasha. Hilo lilimshangaza mwalimu mkuu kuliko yote. Mwizi angelificha kwenye aproni. Mtu mwerevu angelila mwenyewe na kuitupa kokwa ndooni, hesabu ikatimia. Huyu alilirudisha mahali pake.

Saa nne mama wa msichana aliingia ofisini, futi ya fundi cherehani bado inaning'inia shingoni.

"Mwalimu, mwanangu amelia tangu jana jioni. Kwani amemkosea nini yule mama wa jikoni?"

"Pengine kuna tunda linalomdhuru?"

"Huyo? Huyo anakula kila kitu, bado mawe tu. Fomu yake niliijaza mimi mwenyewe."

Mwalimu mkuu alikwenda kumwita mhudumu. Jikoni hapakuwa na mtu. Alimkuta stoo, amekaa juu ya gunia la viazi, taa imezimwa.

"Toka. Kuna mzazi anataka kukuona."

"Mwambie nimetoka."

"Yaani niongope kwa ajili yako?"

"Basi mwambie naumwa. Mwalimu, nakuomba."

Ilibidi amrudishe mzazi kwa ahadi kwamba jambo lingeshughulikiwa. Lango lilipofungwa, mhudumu aliitwa ofisini.

"Una ugomvi gani na yule mama?"

"Sina."

"Mnafahamiana?"

"Tulionana mara moja. Zamani."

"Kumbe. Na kisasi unamlipizia mtoto."

Mhudumu alijifuta mikono iliyokuwa mikavu. "Yule mtoto asile pichi, mwalimu. Linamvimbisha koo. Anaweza kukosa pumzi."

"Nani kakwambia?"

"Najua."

Mwalimu mkuu alifungua faili. Kwenye mstari wa vyakula vinavyomdhuru mtoto palikuwa na kistari kimoja, kilichonyooka. "Mama yake ameandika hakuna. Nimemuuliza tena sasa hivi, kasema hakuna."

"Hajui."

"Mama hajui, wewe wa jikoni ndiye unayejua?"

Mwalimu mkuu alilifunga faili.

"Sikiliza. Kesho nitampa pichi mimi mwenyewe, mbele ya wenzake, huo usungura uishe. Na wewe nitakutafutia kazi ya kufagia uwanja, mbali na watoto."

"Usimpe."

"Nisimpe kwa msingi gani? Maneno ya jikoni siwezi kuyaweka kwenye faili."

"Kuna fomu ya tahadhari. Nimeiona pale ubaoni."

"Ipo. Anayejua anaandika anachokijua, anataja yeye ni nani, anatia sahihi. Nakala inakwenda nyumbani kwa mtoto siku hiyohiyo."

"Na jina langu likiwemo?"

"Likiwemo."

"Wakiliona, mimi hapa sitakaa hata siku moja."

"Hilo ni lako na wao."

Nje, wasichana walikuwa wakiruka kamba. Yule mwembamba alikuwa amepewa kazi ya kuizungusha kwa ajili ya wengine, na aliizungusha kwa bidii, ulimi nje kidogo. Mhudumu alisimama dirishani. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alimtazama mtoto huyo kwa muda mrefu, bila kuharakishwa na foleni.

"Nipe kalamu," alisema.

Aliandika polepole, kwa herufi kubwa zilizoachana, kama mtu asiyetaka kusomwa vibaya. Alitia sahihi, akaacha funguo za stoo juu ya meza, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mwalimu mkuu aliivuta karatasi.

Tunda: pichi. Dalili: midomo na koo huvimba, pumzi hukatika. Mara ya kwanza kutokea: akiwa na miezi kumi, alilazwa siku mbili. Uhusiano wa mjazaji na mtoto: mama mzazi.