Bahasha ya Jumapili

Rungu la kwanza lilimpata Nyamai begani kabla hajashuka kwenye pikipiki. La pili lilimvunja mkono.

"Bahasha sijawahi fungua, wazee! Haki ya Mungu!"

Nani angemsikiliza? Alhamisi walinzi wanne wa mifugo waliuawa bwawani, mmoja wao Musyimi, kaka yake Wavinya. Wezi wa ng'ombe walikuwa wamejilaza nyasini tangu asubuhi, wakiwangoja. Walijua mahali, walijua saa. Basi kulikuwa na msaliti aliyewauzia orodha ya doria.

Orodha hiyo haikupangwa na mtu. Wavinya, mwalimu wa kompyuta, aliandika programu ya kuitoa kwa bahati nasibu: penye ng'ombe wengi papate zamu nyingi zaidi, lakini siku na saa zitoke ovyo, adui asikisie. Kila Jumapili aliwasha kompyuta, akachapisha, akaifunga karatasi kwenye bahasha bila kuitazama. Ndivyo alivyoapa kanisani. Nyamai aliipeleka kwa kijiji chenye zamu ya ulinzi wiki hiyo, kila wiki kijiji kingine, nao wakimaliza zamu wanaichoma.

"Madam," Mzee Kyule alimuuliza Wavinya, panga mkononi, "kuna mwingine anashikanga hiyo bahasha?"

Damu ilimchuruzika Nyamai puani. "Madam, waambie. Mimi ni wa Mbooni, sina mtu huku."

Wavinya alikuwa amemzika kaka yake jana tu.

"Ni yeye peke yake," alisema, akawapa mgongo.

Alisikia panga likishuka. Alisikia petroli ikimwagwa. Mayowe hayakudumu, naye alifurahi, wala hakuona haya kufurahi.

Aliingia darasani kuchapisha orodha mpya. Sasa hakukuwa na wa kuibeba. Angeipeleka mwenyewe, kwa hiyo kiapo kilikuwa cha nini tena? Akaitazama.

Alhamisi, saa kumi jioni, bwawani.

Akatoa mkobani karatasi iliyokutwa mfukoni mwa Musyimi, imekauka damu, akaziweka pamoja. Jumatatu kisimani, Jumanne malishoni. Mstari kwa mstari, zilikuwa sawa.

Alizima kompyuta, akaiwasha upya, akachapisha nyingine. Alhamisi, saa kumi jioni, bwawani.

Akaifungua programu yenyewe. Juu kabisa palikuwa na namba aliyoiweka siku ya majaribio, ili orodha itoke ile ile kila mara. Kwa wiki tisa hakuwa ameiondoa, na kwa wiki tisa doria zilipita pale pale, saa ile ile, mbele ya yeyote mwenye macho.