Uzi Mwekundu

Gari la yule mjane lilizima kila lilipopata moto, na mashine ya kupimia ilisema sensa ya kranki, kifaa kinachohisi mzunguko wa injini, inakata mawasiliano. Fundi Mshindo akalala chini ya injini, akaufuata waya wa sensa kwa vidole.

"Lilimzimikia mume wangu barabarani," mjane alisema. "Akashuka kulisukuma, lori likampitia."

"Pole sana, mama."

Kidole kikagota kwenye kiungo. Akabandua utepe mweusi. Waya zilifungwa kwa uzi mwekundu wa cherehani. Fundi mmoja tu mjini ndiye aliyetia alama hiyo kwenye kazi za muda, ili gari likirudi azirudie vizuri.

"Umeliona tatizo, fundi?"

Mshindo akaufunika kwa kiganja mfuko wa shati, mlimokuwa na uzi uliobaki.