Bangili ya Bi Tunu

Tangu astaafu, Bi Tunu alivaa bangili ya pensheni, nayo ilijua kila mahali mkono wake ulipokwenda. Mstaafu akibambwa anafanya kazi yake ya zamani, hata nyumbani kwake, alihesabiwa amerudi kazini, na pensheni ilikatwa siku hiyohiyo. Dawa za mumewe zilitoka humohumo.

Miaka thelathini na moja alikuwa msaidizi wa darasa, akiwafundisha watoto wenye mikono mizito kushika kijiko. Sasa mkono mzito ulikuwa wa mumewe, tangu apate kiharusi. Kumlisha, ruhusa. Kumfundisha, marufuku.

“Mama Salha, nishike kiwiko tu,” mumewe, Mzee Kitwana, alimsihi, uji ukipoa.

“Siwezi, Baba Salha. Unajua.”

Mzee akakamata kijiko mwenyewe. Kikatetemeka, kikamwaga nusu ya uji kifuani, kikapanda hadi mdomoni. Akameza, akacheka huku machozi yakimlengalenga.

Bangili ikaanza kupata joto, kama ilivyofanya kila iliposhuku kuna somo.

Bi Tunu akampokonya kijiko.

“Fungua mdomo,” alisema. “Na usirudie tena.”