Profesa Ametoweka

TANGAZO KWA UMMA. Wakazi wote wa mtaa huu wanaarifiwa, kwa masikitiko makubwa, kwamba Mheshimiwa Profesa, paka wa kijivu mwenye jicho moja na tabia njema, ametoweka. Atakayemwona amfikishe bila kuchelewa kwenye nyumba yenye geti la bluu. Ni amri.

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, kwa mwandiko wa kunyooka na sahihi ya kujikunja mara tatu. Lilikuwa na kasoro moja tu: paka huyo hakuwahi kuzaliwa.

Aliyeliandika alikuwa msichana wa miaka kumi na tano. Bwenini walimwita Kiranja, kwa sababu hakuwahi kupewa ukiranja wowote, hata wa kufagia bwalo. Shule ilipofungwa alikuta mama yake amehamia nyumba asiyoijua, na siku tatu baadaye mama akalazwa. Mama mdogo alikuwa akitoka kila asubuhi kwenda kumuuguza, akimwachia Kiranja maboksi yasiyofunguliwa na sharti moja: asije wodini. Mama hataki mwanawe amwone vile.

Basi Kiranja akaamua kumwekea mama akiba ya kicheko. Angewachezea shere majirani wapya, aandike kila neno kwenye daftari, na kila asubuhi mama mdogo achukue kurasa akamsomee mama wodini mpaka ashike mbavu.

Jumatatu alinasa wa kwanza, fundi seremala wa nyumba ya pili, maranda bado yamemganda ndevuni. Kwapani amembana paka wa kijivu, na mkono mzima umejaa mikwaruzo.

"Huyu ana macho mawili," Kiranja alisema kwa sauti ya kimahakama.

"Moja halioni."

"Umejuaje?"

"Nimemuuliza."

Kiranja aliuma shavu asicheke. "Mwite jina lake."

"Profesa!" Paka akapiga chafya. "Umeona? Kaitika."

Shauri likatupwa nje. Fundi hakukata rufaa, ila kabla ya kuondoka akaurekebisha mlango wa jikoni uliokuwa ukigoma kufunga.

Jumanne akaja mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara, amekumbatia paka mweusi tii.

"Mama, wangu ni wa kijivu."

"Na huyu alikuwa wa kijivu, mwanangu. Kapigwa jua."

Kisha akafungua maboksi yote, eti huenda Profesa kajificha humo. Hakumpata, lakini alipomaliza, mapazia yalikuwa yametundikwa na vyombo vimepangwa kabatini.

Jumatano ikawa zamu ya dereva mstaafu wa malori, jirani wa upande wa kulia. Yeye alileta mtoto wa mbwa mwenye viroboto.

"Babu, huyu ni mbwa!"

"Ndiyo maana alipotea."

Mzee akaketi barazani, akasimulia pancha zote alizowahi kupata, na hakuinuka mpaka mama mdogo aliporudi.

"Mama, hutaamini," Kiranja aliandika. "Umetuhamishia mtaa wa mabwege."

Kila jioni swali lake lilikuwa moja. "Amecheka?"

Jumatatu, mama mdogo alijibu, "Kwa tangazo lenyewe tu, amecheka. Anasema uandike yote, asije akapitwa." Jumanne, "Amecheka kidogo." Jumatano alivua viatu polepole, kimoja, halafu kingine.

"Leo amelala tu. Ila nimemsomea."

Alhamisi Kiranja alibandika matangazo sita. Zawadi ya kumpata Profesa ilipanda kutoka shukrani za dhati hadi shukrani za taifa zima. Mwandiko haukuwa wa kunyooka tena.

Ijumaa, kabla ya saa nne, geti likagongwa. Akachukua daftari, akakunja uso kama hakimu, akafungua.

Walikuja wote watatu kwa pamoja. Mama mdogo alikuwa katikati yao, wamemshika huku na huku. Hakuna aliyebeba mnyama.

Kiranja aliitazama mikono yao, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaanza kusema haraka haraka, kabla mtu hajafungua mdomo.

"Hakuna paka. Nilitunga. Nimewachezea shere nyote, nisameheni, sitarudia. Rudini tu nyumbani. Mama mdogo, na wewe rudi hospitali, mama atakuwa anakungoja."

Mama mshonaji akageukia ukutani. Fundi seremala akavua kofia.

"Tunajua hakuna paka, mwanangu," alisema. "Marehemu alitupitia mlango kwa mlango siku ile aliyohamia. Alituambia, 'Binti yangu akiogopa hubandika matangazo. Chochote atakachotafuta, mtafuteni naye.'"