Mlango Usemao

Zama hizo kila mlango ulimtamkia aingiaye mahali pake: mwenyeji "nyumbani", mgeni "gesti", mpita njia "kambini". Ulitazama tu nani anapika na nani anaandaliwa.

Bi Mwanasiti alimshuku Rukia, binamu wa mkaza mwanawe Zulfa, aliyekuja kutembea akasahau kurudi.

"Kitendawili," akamtegea.

"Tega, Bibi."

"Kimekuja na begi, kimeota mizizi."

"Muhogo huo," Rukia akacheka, akiendelea kuosha vyombo.

Zulfa akaleta chai kwenye sinia, kama kila siku tangu goti la Bibi lianze kuuma. "Kaa Mama, usiguse kitu."

Bibi akamtuma Rukia dukani makusudi, mlango umuumbue.

"Karibu nyumbani," mlango ukamwambia Rukia aliporudi.

Bibi akatoka kibarazani, akaingia tena.

"Karibu gesti."

Akachechemea mpaka jikoni, akashika sufuria, akaanza kuisugua kwa nguvu. Zulfa akamnyang'anya kwa upole.

"Acha, Mama. Sisi tupo."

Nyuma yao mlango ukauliza kwa adabu, "Mgeni wetu anaondoka lini?"

Rukia alikuwa akipanga vikombe kabatini.