Kumfukuza Mnunuzi

Msimamizi wa kitengo cha brashi alikuwa amelala chali chini ya mashine yake, spana mkononi, akilegeza nati alizozikaza mwenyewe. Kila moja iliyolegea ilimkata maini.

"Mume wangu," mkewe alisema, akiwa ameinama upande wa pili, "mtu hachomi nyumba yake ili mwizi akose pa kuingilia."

"Wewe nimulikie."

Akammulikia. Wote wawili walikula kutoka kitengo kile. Mume alisimamia, mke alikagua brashi mwisho wa meza, na nyumba waliyolala ilikuwa ya kampuni, nyuma ya ukuta uleule. Kitengo kikiuzwa, wangebaki na watoto na sufuria.

Yaliyowapata wenzao wa kitengo cha sabuni kilipouzwa waliyaona kwa macho. Mnunuzi alikuja akitabasamu, akapeana mikono na kila mtu hadi mfagiaji, kisha akapakia mashine kwenye malori na kuwaacha watu wamesimama uani kama kuku walionyeshewa.

Mhasibu ndiye mtu pekee wa ofisini aliyeshuka kunywa chai nao, na hakuwaficha.

"Kampuni imebeba vikapu vingi kichwani, sasa shingo inauma," aliwaambia. "Benki inadai. Wenye kampuni wanataka wabaki na kazi moja tu wanayoiweza. Ama magodoro, ama brashi. Kitakachobaki nje kinauzwa, kilipie deni."

"Kipi?"

"Hilo ni lao. Wiki hii watakuja watu kuangalia."

Hao wenye kampuni hakuna wa kitengoni aliyewahi kuwaona. Waliishi mbali, wakajulikana kwa sahihi zao tu chini ya matangazo. Kuwabembeleza ilikuwa sawa na kuibembeleza mvua. Basi msimamizi akawaza na kuwazua, akaona kama muuzaji haombeki, mnunuzi anafukuzika. Nani atatoa fedha zake anunue mbuzi kilema?

Mlinzi alipopiga filimbi kwamba gari la wageni limeingia, kitengo kilikuwa tayari. Grisi ilikuwa imemwagwa sakafuni. Yule mpaka rangi wa mipini ya brashi, jitu la miraba minne lisilo na kipaji kingine cha kuigiza, alijilaza juu ya magunia akakoroma kweli. Mashine yenyewe waliiita Mama Mkwe, maana ikianza kunguruma hakuna anayejibu. Siku hiyo ilipowashwa ilitoa mlio ambao, wasema wenye kusema, ulimfanya mbwa wa mlinzi aache kazi bila kuaga.

Wageni walikuwa wawili: mzee mwenye fimbo na mwanamke wa makamo mwenye miwani. Kizingiti cha mlango ule kiliinuka vibaya, na hakuna mgeni aliyewahi kukipita salama. Mwanamke alijikwaa. Mzee alikivuka bila kutazama chini.

"Siku hizi chai mnanywea wapi?" mzee aliuliza.

"Popote tunapochokea," msimamizi alijibu.

Mpaka rangi akakoroma kuunga mkono hoja.

Mwanamke alimtupia mzee jicho. Mzee akajifanya hakuliona. Hakuuliza bei, hakuuliza soko, hakuuliza umri wa mashine. Wanunuzi wajanja ndivyo walivyo, msimamizi aliwaza, hawaonyeshi meno mapema. Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya ukaguzi, akaokota brashi, akaisugua taratibu kwenye mkono wa koti lake. Nywele za brashi zikamdondokea kiganjani kama za mgonjwa.

Mke wa msimamizi alifungua kinywa. Mumewe akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Ndivyo mnavyofanya siku zote?" mzee aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe hapana.

 Miaka yote ile brashi moja mbovu ilitosha kumnyima msimamizi usingizi. Alitamani kusema, lete hiyo mzee wangu, nikupe yenyewe, uifulie hadi wajukuu zako waoe. Lakini akili ikamletea yale malori uani.

"Siku zote, mzee. Ndivyo tulivyo."

Mzee alikifumba kiganja, nywele zikiwa ndani. Akaiegemea fimbo kama aliyechoka ghafla.

"Haya, mama," alimwambia yule mwanamke. "Nimekuelewa. Twende."

Gari halijafika getini, kitengo kikalipuka kwa vicheko. Walimnyanyua msimamizi juu juu, wakamrudisha chini upesi kwa sababu ya grisi. Mpaka rangi alidai apewe nyongeza, akisema hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa moyo kama ile. Mke wa msimamizi peke yake hakucheka. Alikuwa akizoa nywele za brashi mezani, moja moja.

Mhasibu aliingia akihema, shati limetoka nje ya suruali.

"Wamepita huku? Nilikuwa nawasubiri kule kwenye magodoro."

"Wamepita, na hawarudi," msimamizi alisema, akijifuta mikono. "Waambie hao wanunuzi wako wakanunue magodoro walalie."

Mhasibu aliitazama sakafu. Akamtazama mpaka rangi, akaitazama mashine, kisha akamtazama msimamizi.

"Wanunuzi wanakuja kesho," alisema. "Yule ni mzee mwenyewe, aliyeianzisha kampuni kwa brashi ndani ya chumba hiki. Alimleta binti yake amwonyeshe kwa nini ninyi hamuuzwi."